Unadaiwa Nini, na Nani?

  

Leo tuzungumze habari ya kudaiwa. Sisemi deni la dukani kwa Mangi, hilo mnajuana wenyewe. Nasema kudaiwa na sheria hapa kwetu Tanzania. Kodi, tozo, ushuru, ada, mchango, faini, fidia, dhamana, matunzo. Maneno haya tunayasikia kila siku, na kila siku tunayachanganya. Mtu akitoka mahakamani anasema “nimelipishwa faini”, kumbe alichoamriwa ni fidia. Mwingine anasema “nimelipa dhamana polisi”, kumbe ametoa rushwa na hajui. Ndiyo maana nasema jina lina uzito. Jina la unachodaiwa ndilo linalokuambia fedha inakwenda kwa nani, kama unaweza kukataa, na ukionewa uende wapi. Nitalirudia hilo mara kadhaa, univumilie.

Tuanze na kitu ulicho nacho mkononi. Fungua simu yako, tafuta meseji ya mwisho ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Umeipata? Wengi tukiipokea tunakimbilia zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, basi. Leo soma na mistari mingine. Utaona VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Utaona EWURA, asilimia 1. Utaona REA, asilimia 3. Na kama ndiyo mara yako ya kwanza kununua umeme mwezi huo, utaona na kodi ya majengo imekatwa humo humo. Meseji moja, madai manne, na kila moja lina tabia yake.

Ile VAT ni kodi hasa. Inakwenda kwenye mfuko mkuu wa Serikali, na ikishafika huko huwezi kusema hii shilingi yangu inunue dawa au ilipe mwalimu. Kodi haikuahidi kitu cha papo kwa papo. REA ni tozo: imewekwa kwa kazi maalumu, kupeleka umeme vijijini. Ile ya EWURA nayo inakwenda kwa mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kuendeshea kazi zake. Tozo ina anwani, kwa hiyo una haki ya kuuliza: je, kazi iliyosemwa imefanyika? Vivyo hivyo tozo ya mafuta unayoilipa pale kituoni bila kuiona. Sehemu yake inakwenda Mfuko wa Barabara. Ukipita kwenye shimo lile lile kila asubuhi, una pa kuanzia swali lako.

Sasa hiyo kodi ya majengo. Hapa, msikilizaji, nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wapangaji wengi wanapoumia kimya kimya.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayedaiwa na sheria ni mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni nani? Ni wewe mpangaji! Basi mita haijui mwenye nyumba ni nani, inamkata aliyebonyeza simu. Wewe ukilipa pale, umelipa kwa niaba ya mwenye nyumba. Unayo haki ya kumwambia, kwa heshima zote, “Baba mwenye nyumba, hizi hapa meseji za miezi sita, tunazitoaje kwenye kodi ya chumba?” Najua utaniambia ukimwambia hivyo mwezi ujao anakuhamisha. Inawezekana. Lakini walau ujue kwamba deni ni lake, na zitunze hizo meseji. Mnapoandikiana mkataba mpya, liingizeni.

Na angalieni tulivyojitatiza wenyewe. Unachomlipa mwenye nyumba tunakiita kodi. Anachoilipa Serikali kwa ajili ya nyumba hiyo hiyo nacho tunakiita kodi. Ya kwanza ni pango, imetokana na makubaliano yenu wawili, na mnaweza kupatana bei. Ya pili imetokana na sheria, haina kupatana. Mwenye nyumba akikwambia “kodi imepanda”, muulize ni kodi gani.

Tukumbushane tulipofika. Kodi inakwenda mfuko mkuu. Tozo ina kazi maalumu. Na ada je? Ada unalipia huduma unayopewa wewe: leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa, kufungua shauri mahakamani. Ukilipa ada, unadai huduma. Hukupewa huduma, una hoja.

Ni kweli Serikali nayo hutuchanganya. Mnakumbuka mwaka 2021, tozo za miamala ya simu zilivyoingia mwezi wa Julai? Mtu anamtumia mama yake kijijini elfu ishirini, anakatwa, anauliza hii ni nini tena. Ikaelezwa kwamba ni ya vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini. Wananchi wakalalamika, viwango vikapunguzwa, mwaka 2022 baadhi ya miamala ikaondolewa kwenye tozo, na mwaka 2023 ile ya kutuma fedha ikafutwa. Kwa maoni yangu, lile lilikuwa somo zuri la uraia kuliko semina nyingi. Watu walikwenda mbali zaidi ya kusema “ni nyingi”. Waliuliza: imewekwa na nani, kwa sheria gani, inakwenda wapi?

Na jibu la imewekwa na nani lipo katika Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 138. Inasema, kwa lugha yangu ya kawaida, hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Nairudia: hakuna kodi bila sheria. Mtu hawezi kuamka asubuhi, akavaa koti, akaweka kamba barabarani na kuanza kutoza.

Nimesema kamba barabarani makusudi, maana wakulima wananielewa. Ushuru wa mazao unatozwa na halmashauri, na kisheria anayepaswa kuulipa ni mnunuzi. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huo huo ikaamuliwa kwamba anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Tani 1 ni gunia 10 za kilo mia mia. Mama mwenye gunia tatu za mahindi anazompelekea mwanawe mjini, akisimamishwa getini, aulize: ushuru huu ni wa sheria ipi? Na risiti ya mashine iko wapi? Risiti ya kuandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari siyo risiti.

Halafu kuna huyu ndugu anayeitwa mchango. Mchango wa darasa, mchango wa zahanati, mchango wa Mwenge wa Uhuru. Sikilizeni vizuri hapa. Mchango kwa asili yake ni hiari. Watu wanakaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wanakubaliana, wanachanga. Ni jambo jema, na shule nyingi tulizosoma zimejengwa hivyo. Lakini kijiji kikitaka mchango uwe lazima, na asiyetoa aadhibiwe, lazima kuwe na sheria ndogo. Na sheria ndogo ya kijiji ina njia yake: inajadiliwa na mkutano mkuu, inapitishwa na halmashauri ya kijiji, halafu inapelekwa halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Haijaidhinishwa, si sheria. Sasa ile habari ya mgambo kuingia uani kwa mjane, kuchukua kuku wawili na sufuria kwa sababu hajatoa elfu tano ya darasa, hiyo tuiite kwa jina lake. Kama hakuna sheria ndogo iliyoidhinishwa wala amri ya mahakama, huo ni unyang’anyi uliovaa sare.

Na hata sheria ndogo ikiwepo, haitazami nyuma. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa. Mbuzi wako amekula mahindi ya jirani Jumatatu, kijiji kikatunga sheria ya faini Ijumaa: kwa mbuzi yule wa Jumatatu, faini haipo.

Lakini mahindi yameliwa, siyo? Jirani amepata hasara. Je, aondoke hivi hivi? Hapana. Hapa ndipo tunapofika kwenye yale maneno mawili niliyoyataja mwanzo: faini na fidia.

Faini ni adhabu. Unailipa kwa sababu umevunja sheria, na inakwenda serikalini au kwenye halmashauri. Kwa kawaida aliyekosewa haioni hata senti. Fidia ni ya aliyeumizwa: inamrudishia alichopoteza. Faini kwa Serikali, fidia kwa aliyeumizwa. Jirani yako wa mahindi anadai fidia, na anaweza kuidai hata kama hakuna sheria ndogo yoyote ya mbuzi.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ninaona jambo hili likiwaumiza watu. Kijana amepigwa chupa kichwani, kashonwa, kauza baiskeli alipie hospitali. Kesi inakwisha Mahakama ya Mwanzo, mshtakiwa anatiwa hatiani, anapigwa faini ya laki moja, analipa palepale na kuondoka. Yule kijana na bandeji yake anabaki amesimama kwenye korido anauliza, “Na mimi je?” Ndugu yangu, hakimu anao uwezo wa kuamuru fidia pamoja na adhabu, katika kesi hiyo hiyo ya jinai. Wengi hawaipati kwa sababu hawakuisema wala hawakuleta risiti. Ukiwa mlalamikaji, peleka stakabadhi za hospitali, za dawa, za nauli. Ukipewa nafasi ya kusema, sema: naomba na fidia. Na usipopewa, bado unaweza kufungua madai.

Tukiwa bado kwenye adhabu, nataka usikilize maneno madogo. Mara nyingi ni neno dogo linaloamua mtu alale wapi. Sheria inaposema “kifungo kisichozidi miaka mitatu”, hakimu anaweza kukupa mwezi mmoja, anaweza kukupa miaka mitatu, hawezi kukupa minne. Inaposema “kisichopungua”, hali inageuka kabisa. Unyang’anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Hakimu hata akikuonea huruma, hata mama yako akilia pale mbele, mikono yake imefungwa. Wazee wanakumbuka sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963, ambapo mla fedha za umma alikwenda ndani miaka miwili na viboko 24, 12 anapoingia na 12 anapotoka. Hiyo “kisichopungua” imeanza zamani.

Sikiliza pia “au” na “vyote kwa pamoja”. Hukumu ikisema “faini au kifungo”, maana yake ukilipa faini unakwenda nyumbani. Sheria ikisema “faini au kifungo au vyote kwa pamoja”, maana yake hakimu anaweza kukutoza na kukufunga. Ndugu wengine wanakimbia kuuza ng’ombe kabla hawajasikia hukumu imesemaje.

Na kile tunachokiita “kifungo cha nje”? Si kifungo. Mara nyingi ni mtu kuachiliwa kwa masharti: usitende kosa jingine katika muda fulani. Ukitenda, unaitwa tena kwa kosa lile la kwanza. Tofauti na hicho, tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, ambapo mtu aliyepaswa kufungwa muda usiozidi miaka mitatu anaweza kufanya kazi za jamii bila malipo badala ya kwenda gerezani. Akitoroka kazi, gereza bado linamsubiri.

Madereva nanyi msifikiri nimewasahau. Trafiki akikuandikia ile karatasi ya shilingi 30,000, amekutuhumu, na anakupa nafasi ya kukiri na kulipa bila kupelekana mahakamani. Hiyo siyo hukumu. Unakubali kosa? Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile mnayoiita kontroo namba. Hukubali? Una haki ya kukataa, kesi iende mahakamani. Najua utasema siku moja mahakamani ni hasara kuliko hizo elfu thelathini. Hesabu hiyo ni yako, lakini uifanye ukijua kwamba njia ni mbili. Na hiyo ya tatu, ya kukunja noti ndani ya leseni, hiyo ni kosa jipya, kubwa kuliko tairi lako lililokwisha.

Haya, dhamana. Nilisema kuna mtu “amelipa dhamana polisi”. Msikilizaji, dhamana hailipiwi. Dhamana ni ahadi kwamba utarudi. Mdhamini anakuja na barua ya mtendaji na kitambulisho, anasaini hati iliyoandikwa kiasi fulani, tuseme milioni moja. Hatoi hiyo milioni. Anasema: huyu asipofika, nidaini mimi. Wewe ukitoroka, ataitwa yeye aeleze, na anaweza kuamriwa kuilipa. Wakati mwingine mahakama huagiza fedha taslimu ziwekwe, lakini hizo zinawekwa kwa risiti na zinarudi kesi ikiisha, kama hukukimbia. Kwa hiyo ukimdhamini shemeji, jua ulichosaini. Na mtu wa kaunta ya polisi akikwambia “dhamana yake ni laki mbili, hakuna risiti”, hiyo si dhamana.

Sasa tuje kwenye wajibu ambao wengi wanaudhani ni hisani: matunzo ya mtoto. Baba anasema, “Namsaidia pale ninapoweza.” Humsaidii, baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekuwekea wajibu wa chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Kabla yake, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria ya zamani iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Leo kikomo hicho hakipo, mahakama inatazama uwezo wa mzazi na mahitaji ya mtoto. Mama, ukienda kwa afisa ustawi wa jamii, hujaenda kuomba msaada. Umekwenda kudai kilicho cha mtoto. Na fedha hiyo ni ya mtoto, hata kama wewe na baba yake hamsalimiani.

Na lile deni la kawaida la mtu na mtu, nililoliweka kando mwanzo, nalo halifutwi na jela. Ukimshinda mdaiwa wako kesi ya madai na ukaomba afungwe, sheria inataka wewe ulipie posho yake huko ndani. Hawezi kukaa zaidi ya miezi sita, na akitoka deni liko palepale. Wengi wakisikia hivyo huamua kuzungumza.

Utaniuliza, haya yote tutayajuaje, na sheria zimeandikwa Kiingereza? Swali la haki kabisa. Tunaambiwa kutojua sheria si utetezi, halafu sheria yenyewe inasema lugha ambayo anayehukumiwa haijui. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha jambo hilo, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria za nchi. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili siku zote. Kazi ya kuzitafsiri sheria ni kubwa, na mimi naona ifanywe haraka kuliko barabara yoyote. Kwa sasa, tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Kwenye kata nyingi wapo. Watafuteni.

Kwa hiyo ukidaiwa, uliza mambo matatu. Hiki kinaitwaje? Kimewekwa na sheria gani? Fedha inakwenda kwa nani, na risiti iko wapi? Uliza kwa upole, bila kugombana na mtu aliyevaa sare, na uandike jina, tarehe na mahali.

Na kama umetoka Mahakama ya Mwanzo hujaridhika na faini, fidia au kifungo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Usikae nyumbani ukisubiri kuitwa. Nenda kwa karani kesho, omba nakala ya hukumu.